Nimehama mwenyewe Segerea hadi Kibamba bila kampuni ya kuhamisha: hesabu yote hii hapa, na makosa yangu

#1 Mpangaji Mstaafu

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki tatu zilizopita nimehama Segerea, hapa hapa Dar, kwenye vyumba viwili na sebule nilivyopanga kwa miaka saba, nikahamia kwangu Kibamba. Nikisema kwangu msinifikirie vibaya: bati lipo, milango ya nje ipo, umeme upo. Dari hakuna, sakafu ni zege tupu, na madirisha mawili ya nyuma nimeyaziba kwa mabati chakavu. Lakini kodi ya miezi sita hanidai mtu, ndiyo maana hata jina la humu nimelibadilisha.

Kabla ya kuhama niliita kampuni moja inayohamisha watu. Kijana wao akaja na karatasi, akazunguka, akafungua hadi stoo, akanitajia laki nne na nusu. Nikamwambia nitampigia. Mtu anayejenga hesabu zake zote huzipiga kwa saruji, na hapo niliiona mifuko ishirini na kitu ikipita mbele ya macho yangu.

Basi nikahama mwenyewe. Naandika kwa sababu kila niliyemuuliza kabla ya siku hiyo alinijibu "tafuta Kenta tu mkuu". Wakuu, Kenta, yaani lile lori dogo la mizigo, ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Unaenda kijiweni wanapopaki, mnapatana, kwisha. Kilichonitesa mimi ni saa mbili kabla ya Kenta na saa mbili baada yake.

Gari nililipata siku tatu kabla kwa laki moja na thelathini, kutoka Segerea mpaka mlangoni. Dereva akasema saa moja asubuhi nipo kwako. Mimi nikajua ni saa moja zetu hizi, maana yake saa tatu. Saa moja kasoro dakika tano jamaa anapiga honi. Ndani mke wangu anafunga vikombe kwenye magazeti, kitanda cha watoto bado kina watoto, na mimi natafuta spana namba kumi na tatu nifungue bolti za kitanda chetu. Spana nilikuwa nimeshaipaki. Kwenye boksi lipi? Maboksi kumi na nne, na juu ya kila moja nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: VITU.

Tulianza kupakia saa tatu na nusu. Dereva hakugomba, alilala zake garini. Alipoamka akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, hapa tuongeze elfu thelathini." Ningemjibu nini?

Kupakia nilichukua vijana wawili wa kijiweni, elfu kumi kumi. Nguvu wanazo, ila wanabeba kilicho karibu na mlango. Karibu na mlango kulikuwa na magodoro, ndoo, mabeseni na jiko la mkaa. Vikaingia kwanza, mbele kabisa nyuma ya kichwa cha gari. Friji na kabati la nguo vikaja mwisho, vikakaa mkiani, na mkia wa Kenta kwenye tuta unaruka kuliko sehemu nyingine yoyote. Kioo cha kabati kilikufia Malamba Mawili. Nilikisikia nikiwa nimekaa mbele na dereva. Tulitazama barabara, hakuna aliyesema kitu.

Kwa mpangilio huo huo, tulipofika Kibamba ilibidi tushushe nyumba nzima ndipo tuyaone magodoro. Na lilikuwa limebaki kochi la kona. Mlango wa Segerea ulikuwa mpana, wa Kibamba niliupima kwa macho. Kochi likakataa. Tukalisimamisha, tukalilaza, tukaling'oa miguu, likakataa. Mwisho likaingia kwa dirisha la sebule kwa kuwa grili ilikuwa bado haijawekwa. Sasa grili ipo. Siku nikihama tena kochi litabaki na nyumba.

Bolti na nati za vitanda vyote niliziweka kwenye soksi, kama wataalamu wanavyosema. Soksi sijui iliingia wapi. Tulilala chini siku nne.

Hesabu ni hii. Gari 130,000. Kusubiri 30,000. Vijana wa kupakia 20,000. Vijana wa kushusha Kibamba 15,000. Maboksi, salfeti, kamba na selotepu 22,000. Chakula, maji na soda 28,000. Hapo ni 245,000. Kioo kipya cha kabati 45,000, jumla 290,000. Ukitoa kwenye laki nne na nusu nimeokoa laki moja na sitini.

Mke wangu anasema sijaokoa kitu. Nyie mnasemaje?

#2 Kibonge wa Tandale

VITU 😂😂😂 Mkuu nipo kwenye mwendokasi watu wananiangalia.

#3 Mtu Chake

Naungana na shemeji, hujaokoa kitu. Umechukua siku ngapi za ruhusa kazini? Na mashemeji, maana lazima walikuja kusaidia, walilipwa? Maana sijaona mstari wa watu wa bure, na kwenye kuhama watu wa bure wapo siku zote, na ndio wa gharama. Mimi mwaka juzi nilimwita rafiki yangu anisaidie kubeba friji ghorofa ya tatu, akateguka kiuno, nikamhudumia wiki mbili. Hadi leo nikimkuta harusini anaingia kwa kujishika mgongo. Siku hizi nalipa, nakaa pembeni na soda yangu.

#4 Mpangaji Mstaafu

@Mtu Chake siku mbili za ruhusa, ni kweli sikuziandika. Watu wa bure walikuwa watatu, wadogo wa mke wangu. Ndiyo hiyo 28,000 ya chakula, na mmoja ameshanikumbusha mara mbili kwamba yeye anahama mwezi wa tisa.

#5 Kenta ya Mabibo

Mleta uzi, mimi ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na moja huu niko kwenye usukani. Siyo mimi niliyekubeba, ila huyo dereva namwelewa vizuri. Wacha niwaambie upande wetu ili mtu akija kijiweni asituone wezi.

Gari hili si langu. Jioni bosi anataka hesabu yake, na hesabu haiulizi kama mteja alikuta vikombe vimefungwa au havijafungwa. Kwa hiyo mteja anapoona ananunua kilomita, mimi nauza saa. Safari ya Mbagala mtu aliyejipanga naweza kumtoza chini ya safari ya Tabata hadi Buguruni ya mtu ambaye nakuta pazia bado zinaning'inia. Ukiniambia kabisa, "Nikifika vitu vyote vitakuwa sebuleni, vitanda vimefunguliwa," bei inashuka hapo hapo. Na iwe kweli.

Bei pia inapandishwa na uongo. Mtu anasema ana vitu vichache tu. Unafika unakuta kabati tatu, tenki la maji, mbao zilizobaki za kupaua, na mawe ya urembo kutoka bustanini. Siku hizi namwambia mteja anipigie video ya simu, azunguke chumba hadi chumba na afungue stoo. Atuonyeshe na njia ya kuingilia huko anakokwenda. Nyumba mpya za pembezoni mara nyingi gari haliwezi kufika mlangoni, linaishia kwenye kona yenye mti au kwenye mtaro, na kubeba kabati mita mia mbili ni kazi nyingine kabisa.

Kupakia ni hivi. Kizito na kirefu kinakwenda mbele, kimeegemea kichwa cha gari: friji limesimama, kabati, mashine ya kufulia. Kochi unalisimamisha wima ubavuni. Magodoro usiyalaze chini kama zulia, yatie kati ya kabati na kabati, kati ya kioo na friji. Godoro ndiyo bima yako. Televisheni isimame wima katikati ya magodoro mawili, kamwe usiilaze kioo chini. Maboksi mazito chini, mepesi juu. Kamba isifungwe mara moja tu mwishoni, unafunga kila hatua: umemaliza friji na kabati, funga, ndipo uendelee. Sisi tunapenda mipira ya ndani ya matairi kuliko kamba, inavuta na haikwaruzi. Mwisho kabisa mkiani unaweka godoro la usiku huo, ndoo, jiko na boksi la chakula. Kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza.

Muda: acheni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jiji zima linahama siku hiyo, na mimi ni nani nisipandishe? Njoo Jumanne tarehe kumi na tano uone nitakavyokupokea. Na tuwe barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Mleta uzi alipita Kinyerezi na Malamba Mawili, hapo dereva alitumia akili, maana kwa muda aliotoka angepita Ubungo na Kimara angefika Mbezi na njaa. Matuta ni kweli yapo, lakini matuta hayavunji kioo kilichopakiwa vizuri.

Jambo la mwisho: msitupakizie watu juu ya mzigo. Trafiki akiona kichwa cha mtu juu ya kabati hatuendi popote mpaka tumemalizana, na hiyo faini mteja hataki kuijua.

#6 Kibonge wa Tandale

Kirikuu je, kile kipikapu kidogo? Mimi nina chumba kimoja tu na mambo machache.

#7 Kenta ya Mabibo

Kwa chumba kimoja kirikuu inatosha, na inaingia vichochoro ambavyo mimi nabaki barabarani. Shida ni mtu wa vyumba viwili anayechukua kirikuu kwa sababu ni bei ndogo, kisha anaishia tripu tatu. Tripu tatu za kirikuu ni Kenta na chenji. Ukiwa unahama mtaa huo huo chukua Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, au guta la kukanyaga kabisa.

#8 Mama Wawili

Kaka zangu mnaongea magari, mnaongea kamba. Aliyekuwa anafunga vikombe saa moja asubuhi ni nani? Nimehama mara tisa tangu niolewe, mume wangu ni mwalimu, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Kufunga kunaanza wiki mbili kabla, na kunaanzia juu ya kabati, si jikoni. Vile vyombo vya wageni, mashuka ya Idi, albamu, nguo za baridi, hivyo havitaguswa wiki mbili, viingie kwenye boksi. Jikoni ndiyo mwisho. Siku tatu za mwisho nyumba nzima inakula kwenye sahani nne na sufuria mbili. Na wiki ya mwisho hununui unga wala mchele, mnamaliza uliopo. Kubeba nusu kiroba cha sembe kilichofunguliwa ni kutafuta kufagia gari la watu.

Sahani usizipange kwa kulaza moja juu ya nyingine, tuta moja tu zote zimepasuka. Zisimamishe ubavu kwa ubavu kama vitabu kwenye shelfu, kila moja na gazeti lake. Vikombe viingie ndani ya sufuria. Magazeti yakiisha tumia nguo, kwani nguo si lazima zihame? Mimi kila glasi yangu husafiri ndani ya soksi na kila bakuli ndani ya kanga. Maboksi madogo kwa vitu vizito, ya sabuni za mche ni mazuri sana, muombe Mangi wa dukani mapema. Salfeti ni za nguo na viatu tu.

Sasa hilo la VITU. Kuandika "vyombo" au "nguo" nako hakusaidii sana, maana mbebaji hajui nguo za nani zinakaa wapi. Andika chumba kitakachopokea. Na kwa sababu nyumba ambayo haijaisha vyumba vyake vyote vinafanana, chukua chaki, andika ukutani karibu na kila mlango 1, 2, 3, 4. Boksi nalo liandikwe namba. Kijana hata kama hajawahi kukuona analipeleka penyewe, wewe unasimama mlangoni tu unaita namba. Plasta itakuja kufunika chaki.

Halafu mwenye nyumba mpya yenye mabati madirishani, chandarua kiko wapi? Hakuna aliyekitaja. Boksi la usiku wa kwanza linabebwa mkononi: chandarua, kiberiti, balbu mbili, kufuli mpya, sufuria moja, majani ya chai na sukari, miswaki, dawa za mtoto, sare za shule, chaja ya simu. Vyeti na karatasi za kiwanja vinakaa kwenye pochi yangu, na pochi yangu haipandi Kenta.

#9 Mpangaji Mstaafu

Dada @Mama Wawili hapa nimemuita mke wangu asome. Amesoma, ameniangalia, ameondoka. Kweli usiku wa kwanza mbu walitupokea kama wajumbe wa nyumba kumi.

#10 Fundi Majokofu

Kuna sehemu kwenye uzi nimeipitia mara mbili nikitafuta kama friji lililazwa. Naona lilisimama, hata kama lilikuwa mkiani. Hapo umepona.

Watu wengi hawajui kwa nini tunakataza kulaza. Ndani ya kompresa, lile dude jeusi chini nyuma, kuna oili. Friji likilala, oili inatoka mahali pake na kuingia kwenye mabomba ya gesi. Ukifika ukachomeka hapo hapo, kompresa inazunguka bila oili ya kutosha, na oili iliyoko kwenye mabomba inazuia gesi kupita. Siku hiyo linaweza kuwaka vizuri kabisa, likaja kukuletea shida baadaye, na wewe ukasema umeme wa Kibamba mbaya.

Kama ilibidi lilale, ukifika lisimamishe na uliache bila kuchomeka, angalau kwa saa zile zile lilizolala. Likiwa limelala safari ndefu ya mikoani, liache siku nzima. Hata likisafiri wima lipe saa kadhaa litulie, haikugharimu kitu. Lizime siku moja kabla ya kuhama, barafu iyeyuke yote, maji yamwagwe, trei za vioo zitoke na zisafiri peke yake. Mlango ufunge kwa kamba laini au kanga. Selotepu ya kahawia inang'oa rangi.

Gesi ya kupikia: funga koki ya mtungi, ondoa regileta, mtungi usafiri umesimama na kwenye gari lililo wazi. Msiuingize kwenye buti ya gari dogo na watoto wamekaa kiti cha nyuma.

#11 Kijana wa Kiponda

Nyie wa bara mnazungumza Kenta kufika mlangoni kama kwamba ni haki ya kila mtu. Sie wa Mji Mkongwe tunawasoma tu.

Mie nilihama Kiponda kwenda Mkunazini, mwendo wa miguu hata kahawa haijapoa, na ilinichukua siku mbili. Gari haliingii vichochoro vile. Vyombo vyote hutoka kwa hamali na gari lake la kusukuma, na njia ni ya mtu mmoja, mkikutana na gari jengine la mkono, mmoja arudi nyuma mpaka kwenye uwazi. Na ngazi za nyumba zile za zamani zimesimama wima na ni nyembamba, kabati halikati kona. Letu tulilishusha kwa kamba kupitia dirishani, watu watatu juu wanaachia kidogo kidogo, wawili chini wanalivuta lisigonge ukuta, na mtaa mzima umesimama kutoa amri. Hamali mzee ndiye aliyetuongoza, hakushika kamba hata mara moja, alikuwa anasema tu "legeza, legeza, shika." Nilimlipa zaidi ya wote na nisingeona taabu kumuongeza.

La mizania ya fedha sijui. Lakini kitanda cha bibi kilifika mzima, na hakuna kampuni ya Dar ambayo ingejua kukifungua.

#12 Msafiri wa Ruiru

Hamjambo ndugu zetu. Huku Nairobi shida huanzia getini kabla hata hujafikiria lori. Ukitaka kuhama, askari wa geti hafungui mpaka mtunza ploti alete karatasi kwamba huna deni la nyumba. Mimi nilikuwa nimelipa kila kitu, lakini mtunza ploti alikuwa ameenda kanisani na simu amezima. Pickup imepakiwa tangu saa tatu, tukakaa hapo mpaka saa nane, watoto wamelala juu ya magodoro kama wakimbizi. Kwa hivyo hiyo karatasi ichukueni siku moja mbele, iwe mfukoni.

Ya pili, pigeni picha za nyumba ikiwa tupu, kila ukuta, sinki, choo, soketi. Pesa ya depositi huwa inageuka rangi ya ukuta. Mwenye ploti alikuwa ashanikata ya kupaka rangi, nikamtumia picha, akarudisha nusu. Afadhali nusu.

#13 Mtu Chake

@Msafiri wa Ruiru hata huku barua ni muhimu, ila ya serikali ya mtaa. Ukihama jioni ikakukuta giza njiani na friji nyuma, vijana wa ulinzi shirikishi lazima waulize umelitoa wapi. Na ukihama usiku kwa hiari yako majirani wote wanajua umekimbia kodi, hata kama umelipa hadi Disemba.

#14 Binti Salasala

Mleta uzi, umekumbuka kubadilisha namba ya LUKU, ile ya mita ya kununulia umeme, kwenye simu? Nauliza kwa sababu sijawahi kuona mtu akahama bila hilo kumpata.

#15 Mpangaji Mstaafu

@Binti Salasala ulikuwa wapi wiki tatu zilizopita? Siku ya tatu umeme unakata saa mbili usiku. Nanunua wa elfu ishirini, naingiza tarakimu zote ishirini kwenye mita kwa tochi, inakataa. Naingiza tena, inakataa. Nimeshaanza kumlaumu fundi aliyefunga waya ndipo mtoto wa darasa la tano akasoma meseji: namba ya mita ni ya Segerea. Simu ilikuwa imeihifadhi, mimi nikabonyeza tu.

Ilibidi nimtumie mpangaji mpya wa pale zile tarakimu na kumuomba anirudishie pesa. Ni kijana mstaarabu, amenirudishia elfu kumi na kusema nyingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi upi hakusema.

#16 Binti Salasala

Pole sana. Na ukinunua kwenye mita yako mwenyewe usishtuke ukiona imekatwa zaidi ya ulivyotarajia. Kodi ya jengo ilihamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021, ikaanza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikafika 1,500. Sasa wewe mita ilifungwa wakati wa ujenzi, ikakaa miezi hujanunua umeme, deni lilikuwa linajikusanya kimya kimya. Manunuzi ya kwanza ndiyo yanalibeba. Ulipokuwa mpangaji ulikuwa unamdai baba mwenye nyumba. Sasa baba mwenye nyumba ni wewe.

#17 Mpangaji Mstaafu

Ngoja nikaangalie risiti.

(Dakika kumi baadaye) Ni kweli. Miezi saba.

#18 Mama Wawili

Soksi ya bolti ilipatikana?

#19 Mpangaji Mstaafu

Ilipatikana siku ya tano. Ilikuwa ndani ya sufuria kubwa ya pilau, ndani ya sufuria kuna birika, ndani ya birika ndiyo soksi. Nadhani mmoja wa mashemeji aliona soksi moja peke yake sebuleni akaihurumia. Kwa ushauri wangu, soksi ifungwe kwenye kitanda chenyewe, kwenye ubao wa kichwani, kwa waya kabisa. Na spana ikae mfukoni kwako tangu usiku wa kuamkia.

Chaga, zile mbao za kulalia godoro, nazo tulifunga fungu moja zote, za vitanda vitatu, na kila kitanda kina upana wake. Hilo nalo mje kuniambia ni rahisi.

#20 Kuku wa Mjini

Nimefuatilia tangu juzi kimya kimya. Nahama Jumamosi, Kimara kwenda Kiluvya. Nina kuku wa kienyeji kumi na wanne na jogoo, hawajawahi kutoka bandani. Nawabebaje, na wasipotee huko?

#21 Kenta ya Mabibo

Jumamosi tena? Haya.

Usiwafukuze mchana, utachoka na watu watakucheka. Subiri Ijumaa wakishapanda kulala, saa moja na nusu usiku hivi, washike mmoja mmoja kwa tochi ndogo, watie kwenye matenga mawili, wasibanane. Watalala humo. Tenga likae mkiani, juu, penye hewa, usilifunike na turubai. Jogoo mpe tenga lake.

#22 Mama Wawili

Na mkifika wafungie ndani ya banda jipya siku tatu nne, wale na wanywe humo humo, ndipo uwafungulie jioni jioni, karibu na muda wa kulala. Hawatakwenda mbali.

#23 Kuku wa Mjini

Banda jipya bado sijajenga.

#24 Mpangaji Mstaafu

Mkuu, lijenge kabla ya Ijumaa. Mabati yangu mawili ya dirishani nayatoa wiki hii, fundi wa aluminiamu anakuja Alhamisi. Kiluvya ni mbele yangu tu hapo, pita Kibamba CCM uyachukue.